Mwimbaji wa Kisogo

Mimi sijui kuimba nimesimama wima kama nguzo ya umeme. Wapo wanaoweza, na Mungu anawasikia, sikatai. Lakini mimi wimbo ukianza miguu inakwenda yenyewe, mabega yanafuata, na leso iliyoko mkononi inataka kuruka. Kwenye kwaya yetu hapa Nkunga ndiyo kazi niliyopewa: kusimama mbele, kuanzisha, na kuwatazama watu machoni mpaka yule aliyekuja na hasira za nyumbani kwake atabasamu.

Mwalimu wetu wa kwaya, Hezron, anapiga kinanda, na anajua kufoka kuliko anavyojua kinanda. Siku aliyonipanga mbele kwa mara ya kwanza aliniambia, "Atupele, jukwaani wote tunaonekana vichaa. Tofauti ni kwamba kuna kichaa mwenye aibu na kuna kichaa mwenye uhakika. Wa kwanza watu wanamcheka. Wa pili wanamfuata."

Nimeuona ukweli wake. Mwimbaji mmoja wa kwaya ya Kisiba alipiga magoti katikati ya ubeti, akashindwa kuinuka maana gauni lilimbana. Angebaki palepale chini akamalizia wimbo, tungesema amezidiwa na Roho. Yeye akacheka kwa aibu na kumwita mwenzake amvute mkono. Basi mpaka leo akipita sokoni watu wanamuuliza magoti yanaendeleaje.

Nilijiona nimehitimu somo hilo. Kumbe alikuwepo mtu mmoja ambaye mbele yake uhakika wangu wote unayeyuka, naye ni baba mkwe wangu.

Asiyetoka kwetu nimweleze. Kwa sisi Wanyakyusa, mkamwana na baba mkwe hawaonani. Hawashikani mikono, hawali pamoja, hawatazamani usoni, na jina lake mkamwana halitaji. Ndiyo maana hata hapa hutalisikia. Kwetu tunaita kutila. Si ugomvi, ni heshima. Vijana wa mjini wanasema mambo hayo yamepitwa na wakati, na nyumba nyingi zimeshaacha. Nyumba niliyoolewa mimi haijaacha na, niseme ukweli, sijawahi kuomba iache. Mzee akitoka shambani hukohoa kabla hajapinda kona ya nyumba. Hukohoa mara moja, taratibu, nami naingia jikoni au naiacha njia na kuingia kwenye migomba. Akiniona kwa mbali nimejitwika ndoo, anasimama kulekule aliko, anageukia upande, mpaka nipite. Wapo watu wanaolala kitanda kimoja wasioonyeshana adabu ya namna hiyo.

Kwa hiyo namjua kwa vipande. Najua kofia yake ya kahawia. Najua gambuti zake zenye kiraka cha mpira wa baiskeli. Najua kikohozi. Sura naijua kutoka kwenye picha ya ukutani, ambayo alipiga akiwa kijana na amenuna kama aliyedhulumiwa. Yeye naye nadhani ananijua kwa sauti, maana nikimenya ndizi jikoni huwa naimba. Mama mkwe aliwahi kunidokeza kwamba mzee ana kigoda chake nyuma ya ukuta wa jiko na hataki mtu akihamishe, hata mvua ya upepo ikipiga upande huo.

Kanisani nako tulikuwa tumepangana bila kukaa kikao. Yeye anasali ibada ya kwanza, mimi na kwaya yangu tunaimba ya pili. Tukaishi hivyo kwa amani mpaka lilipokuja tamasha la Tukuyu.

Tamasha lilifanyika mjini, mtaa wa Bagamoyo, uwanjani. Sharti lilikuwa kila kwaya ipige laivu, hakuna kufungulia wimbo kwenye spika na kutikisa midomo. Hezron alifurahi kama mtoto. Tulipopanda jukwaani niliwashika watu kuanzia ubeti wa kwanza. Nilimchagua bwana mmoja mnene aliyekuwa anakula mahindi ya kuchoma, nikamwimbia yeye peke yake mpaka akasahau kutafuna. Akinamama walikuwa wanapiga vigelegele. Ubeti wa tatu watu wakapisha boda iliyobeba mabati, na katikati ya njia iliyofunguka nikaiona kofia ya kahawia.

Baadaye nilielewa kwamba alikuwa amekuja mjini kununua misumari ya kumalizia kanisa letu jipya, akasikia sauti anayoifahamu ikitoka kwenye spika, akaifuata. Lakini saa ile sikuelewa kitu. Mwili wangu ulifanya ulichofundishwa: nikageuka. Nikawapa uwanja mzima kisogo na kuendelea kuimba nikiwatazama wanakwaya wenzangu, ambao nao walinitazama wakiwa wametoa macho. Nikajaribu kuifanya ionekane ni staili. Nikatikisa mabega, nikarudi kinyumenyume, waya wa maiki ukanizunguka miguu, nikaikalia spika.

Siyo kwamba niliiangukia. Niliikalia kabisa, kama mtu aliyekaribishwa kiti, kisogo kwa watu, na wimbo unaendelea.

Kabla hatujafika Nkunga video ilikuwa imetangulia. Walioituma waliandika juu yake, "Mwimbaji wa Kisogo". Kesho yake sokoni muuza nyanya alinigeuzia mgongo na kuniuliza akiwa anatazama ukutani, "Dada, nikupimie kilo ngapi?" Soko zima likaangua kicheko. Nami nilicheka, maana ukinuna ndiyo umewapa kitoweo. Lakini nilipofika nyumbani nililia, na nililia kwa hasira kuliko kwa huzuni. Nilikuwa nimefanya jambo la heshima kabisa, nikaonekana mpumbavu.

Wakati huohuo kanisa letu jipya lilikuwa limekamilika, na siku ya kuliweka wakfu imekaribia. Siku hiyo hakuna ibada ya kwanza wala ya pili. Ni ibada moja, wote ndani, kwaya za wageni, mgeni rasmi kutoka Dar es Salaam. Na kiti cha mbele kabisa, pembeni ya mgeni rasmi, ni cha mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Mwenyekiti wa kamati ya ujenzi ni yule nisiyemtaja jina.

Hezron aliniita baada ya mazoezi. Hakufoka, na hapo ndipo nilipojua mambo ni mazito.

"Atupele, wimbo tulioutunga kwa siku hiyo umekaa kwenye koo lako. Lakini sitaki tena kisogo. Ama utatazama mbele kama tulivyozoea, ama Happyness ataanzisha."

"Na nikitazama mbele nimwone mzee uso kwa uso, nirudi nyumbani kwa nani?"

"Vaa miwani myeusi."

Tulijaribu miwani. Ndani ya kanisa, na mawingu yetu haya ya Rungwe, sikuona kitu. Nilimkanyaga mpiga gitaa, nikaipiga ngoma teke, na Happyness akacheka mpaka akakaa chini. Huyu Happyness ni binti mzuri na sauti anayo, simsemi vibaya. Ila akiimba hutazama dari, na watu nao huanza kutazama dari, wakidhani inavuja.

Mume wangu Ipyana alikuja na dawa yake. "Nitamwambia baba asije. Au akae nyuma."

"Asije kwenye kanisa alilolipondea kokoto kwa mikono yake?" nilimuuliza. "Akae nyuma kama mgeni wa harusi aliyechelewa? Ukimwambia hivyo, mimi na wewe tutaonana wabaya."

Basi nikaamua mwenyewe. Nitakaa mstari wa nyuma na kuitikia, Happyness aanzishe. Niliumia, sitaki kudanganya. Nina watoto, nina shamba la chai, nina mume asiyelewa, na kwa vyote namshukuru Mungu. Lakini kile cha kusimama mbele na kuwaona watu wakiamka ndicho nilichokuwa nacho mimi kama Atupele, si kama mama wa nani au mke wa nani. Nilijua nikikiachia siku kubwa namna ile, sitakirudia tena.

Jioni hiyo nilimenya ndizi kimya. Nilikuwa namenya za kupika mbalaga ya chakula cha usiku, na mvua ilikuwa imekatika. Nikasikia kikohozi nyuma ya ukuta. Nikanyanyuka haraka, nikajibanza ndani zaidi nyuma ya mlango nipishe. Hakupita mtu. Nikarudi kukaa. Kikohozi kikaja tena. Nikanyanyuka tena na kisu mkononi, nikajibanza. Wapi!

Mama mkwe aliingia kwa mlango wa mbele, ameshika kiuno. "Gwe Atupele, mbona unaluka-luka? Hapiti mtu. Nsee anauliza ledio imesima kwa nini."

Nilicheka, maana redio ya mzee ni mimi, kisha nikajikuta naeleza yote, mambo ya Hezron, kiti cha mbele, miwani, na uamuzi wangu. Nilijua ukuta ule ni wa matofali mabichi na unapitisha sauti, kwa hiyo niliongea polepole, kwa adabu, kama mtu anayemweleza mama mkwe wake tu. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Akamwita Mungu kwa Kinyakyusa, "Kyala wangu," akatoka. Nikamsikia huko nyuma akinong'ona Kinyakyusa, ingawa kila mtu katika nyumba ile alijua hapakuwa na haja ya kurudia kitu. Akarejea.

"Nsee amesema uimbe."

"Ndaga, mama," nikashukuru. "Na yeye atakaa wapi?"

"Hilo hakusema. Amesema uimbe."

Siku ya kuweka wakfu mvua ilinyesha tangu alfajiri, kama kawaida yake kuharibu viatu vyeupe. Kanisa lilijaa mpaka madirishani. Lilikuwa bado linanuka rangi. Tulijipanga kwenye chumba cha wazee, na mimi nikachungulia kwa mlango kidogo tu: suruali nyeusi ya suti, kofia ya kahawia juu ya goti, kiti cha plastiki cha mbele kabisa, mgeni rasmi kulia kwake. Nikarudisha kichwa.

"Una uhakika?" Hezron aliniuliza.

"Sina."

"Basi Happyness akae karibu."

Happyness alinishika mkono. "Dada, ukishindwa nibonyeze tu, nitapokea. Ila naomba usishindwe, mimi naogopa wale watu."

Tukaingia. Nilitembea nimejificha nyuma ya mpiga besi, mtu mrefu wa kuchuma chai ambaye mgongo wake ungeweza kuficha ng'ombe. Kwaya ikajipanga. Hezron akapiga kitangulizi cha wimbo. Hapo ndipo natakiwa kutoka, hatua tatu mbele, leso juu. Sikutoka. Akapiga kitangulizi mara ya pili na kunikodolea macho. Watu wakaanza kunong'ona, na kwenye mabenchi ya vijana nikasikia mmoja akisema, "Kisogo, kisogo!" Simu zikanyanyuliwa. Niliunyoosha mkono ili nimbonyeze Happyness.

Ndipo nikasikia kikohozi. Mara moja, taratibu.

Nilijificha zaidi, maana ndivyo miguu yangu inavyojua. Kisha nikasikia kiti kikiburuzwa kwenye sakafu mpya. Mpiga besi akasema chini chini, "Mungu wangu, mzee anafanya nini?"

Mzee alikuwa amesimama. Alikishika kiti chake kwa mikono yote miwili, akakigeuza, akakaa. Mgongo kwa madhabahu, mgongo kwa kwaya, uso kwa waumini wote.

Kanisa likavurugika. Wilson, kijana wa kuwapangia watu viti, alikuja mbio akidhani mzee amechanganyikiwa, akamwinamia na kumwelekeza kwa upole mbele ni wapi. Mzee akatikisa kichwa. Wilson akakishika kiti ili akigeuze pamoja na mtu wake, mzee akakanyaga chini kwa nguvu na kiti hakikwenda. Watu wakacheka. Mgeni rasmi naye, kwa kuwa ametoka mbali, alidhani ni mgomo wa kamati ya ujenzi. Akamwinamia mchungaji kuuliza. Mchungaji, mtoto wa hapahapa, akamnong'oneza maneno machache tu, na mgeni rasmi akafunga mdomo, akanyoosha tai yake.

Mzee hakushtushwa na kicheko. Alikaa wima, mikono juu ya magoti, kama mtu anayepigwa picha. Hakuinamisha kichwa wala hakujieleza kwa mtu. Hezron amenifundisha miaka yote kichaa mwenye uhakika anakaaje, na sikuwahi kuona mfano mzuri kama ule. Kicheko kikaanza kuisha benchi kwa benchi, kuanzia kwa wazee, ambao ndio waliotangulia kuelewa. Halafu bibi mmoja huko nyuma akapiga kigelegele kirefu, na wengine wakampokea.

Hezron akapiga kitangulizi mara ya tatu. Nikatoka.

Hatua tatu, leso juu, na mbele yangu, karibu kiasi cha kuweza kumgusa, kilikuwepo kisogo cha baba mkwe wangu. Miaka yote niliyoishi kwenye ua wake sikuwahi kumtazama hivyo. Nywele zimekuwa nyeupe zote, zimenyolewa kwa uangalifu kwa ajili ya siku hiyo. Masikio yamesimama kama ya Ipyana, kama ya mwanangu wa pili. Kola ya koti upande mmoja imejikunja ndani, na mkono wangu ulitamani kuinyoosha. Nilimpenda mzee yule. Nilimpenda saa ileile, kwa kisogo chake.

Nikaimba. Niliwatazama watu machoni mmoja mmoja, nikamwimbia Wilson aliyekuwa bado amesimama ovyo, nikamwimbia kijana aliyeita "kisogo" mpaka akashusha simu na kuanza kupiga makofi. Macho yangu yakichoka nayarudisha kwenye zile nywele nyeupe na kupumzika. Ubeti wa pili nikaona shingo ya mzee imeanza kwenda. Ubeti wa tatu mabega. Mabega yale yalikuwa yanajua mapigo kabla ya mpiga ngoma.

Kisha nikagundua kwamba watu hawanitazami mimi peke yangu. Watoto walioketi chini mbele ya mabenchi walikuwa wanamtazama yeye mdomoni, kisha mimi, kisha yeye, wakisukumana kwa viwiko na kucheka kwa mshangao. Benchi zima la akinamama lilikuwa hivyohivyo, macho kwake, macho kwangu. Mwanzoni sikuelewa. Halafu nikaelewa, na sauti yangu ilitetemeka kidogo hapo, nimesikia kwenye video.

Mzee alikuwa anaimba. Hakutoa sauti, lakini midomo yake ilikuwa inakwenda na yangu, neno kwa neno, pumzi kwa pumzi. Na wimbo ule ulikuwa mpya. Ulikuwa haujawahi kuimbwa mbele ya mtu. Nje ya chumba cha mazoezi niliuimba mahali pamoja tu, nikimenya ndizi.

Nilimaliza nikiwa nimesimama palepale, leso juu, machozi na kamasi vinanitoka kama mtoto, na sikuona aibu hata chembe. Makofi yalikuwa makubwa kiasi kwamba mvua haikusikika kwenye bati. Hezron alikuwa ameshanyanyua mikono kutoka kwenye kinanda na kuanza kufunga karatasi zake.

Mzee akakohoa. Mara moja, taratibu.

Hezron akanigeukia. "Anataka nini?"

"Anataka turudie," nikamwambia, nikarudi nyuma hatua tatu ili nianze upya.